Sura ya Sita: Tundu la Robo Milimita

Kwa Koplo Yasini kesi ilikuwa imekwisha tangu Jumamosi jioni. Asubuhi ya Jumapili alimfuata Inspekta Dativa hadi kwenye karakana ya Fundi Maftaha, hapo Kilwa Masoko, kwa uso wa mtu aliyeitwa kula ilhali keshashiba. Mtuhumiwa, Mikaeli, yumo mahabusu, alisema, na wala hakuomba dhamana. Shahidi ni yeye Yasini mwenyewe. Kilichobaki ni jalada kwenda mahakamani kesho saa tatu, Mikaeli akajibu shtaka la kuharibu mali na kuhatarisha maisha ya watu.

Inspekta Dativa alikuwa mtu wa Muleba, mfupi, mwenye daftari dogo lililofungwa kwa mpira. Miaka mitatu ya Kilwa ilikuwa imemfundisha kula pweza, lakini haikumfundisha kupeleka mahakamani jambo asilolielewa. Alisema kilichobaki ni kujua kitu chenyewe kinafanyaje kazi. Hilo hata Yasini hakulijua.

Kitu chenyewe kilikuwa katikati ya karakana, juu ya vipande viwili vya reli: garimoshi dogo, urefu wake kama kitanda cha mtoto, jeusi, magurudumu mekundu. Maftaha na Mikaeli, mafundi wastaafu wa kiwanda cha korosho, walilijenga kwa miaka sita. Lilikuwa mfano wa lile lililokuwa likitoka Mtwara kwenda Nachingwea kwenye reli ya mradi wa karanga, ambalo baba yake Maftaha alikuwa mchochea moto wake. Hili halikuhitaji mchochea moto. Lilichemsha maji yake kwa gesi ya mtungi. Jumamosi, kwenye uwanja wa shule, watoto kumi na wawili walikuwa wamekwisha kukaa kwenye mabehewa wakati moto uliotakiwa kuwa wa buluu ulipogeuka njano. Moshi mweusi ukatanda. Maftaha alipoinama kufunga koki, moto ukatoka kwenye kimlango cha boila ukamla mkono wa kulia.

Watoto walishushwa salama. Lakini mbele ya umati ule, mkono ukiwa ndani ya ndoo ya maji, Maftaha alitamka neno lililomtia rafiki yake ndani.

"Tundu la gesi linaguswa na watu wawili tu," alisema. "Mimi na Mikaeli. Na mimi sikuligusa."

Sasa alikuwa amekaa kwenye stuli, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, macho mekundu. Dativa alimwamkia shikamoo, akamwomba amfundishe kama anavyomfundisha mtu asiyejua hata kufungua soda. Fundi akafundisha, na kadiri alivyofundisha ndivyo sauti yake ilivyopona.

Gesi hutoka mtungini, ikapunguzwa nguvu kwenye regyuleta, ikafika kwenye nozeli. Nozeli ni kipande cha shaba ya njano, kidogo kuliko punje ya hindi, na katikati yake mna tundu la robo milimita. Gesi ikitoka hapo kwa kasi huivuta hewa kupitia matundu manne ya pembeni, vikachanganyika ndani ya bomba, ndipo vikawaka chini ya boila. Juu ya matundu ya hewa kuna pete ya kusogeza. Hewa ikizidi, moto unaruka na kuzimika. Hewa ikipungua, moto unageuka njano na kutoa masizi. Kati ya hapo na hapo kuna mahali pembamba sana, na mahali hapo hapatafutwi kwa macho bali kwa masikio.

"Ukipafikia, unasikia mluzi mdogo," Maftaha alisema. "Mimi nasikiliza, Mikaeli anasogeza pete. Mimi masikio, yeye vidole. Ndivyo tulivyofanya kazi miaka arobaini."

Aliposema miaka arobaini alijifuta macho kwa mkono wa kushoto. Dativa akajifanya anatafuta kalamu.

Kazi ikaanza. Kwanza mtungi: Yasini aliagizwa kuleta mwingine kutoka dukani, wakaufunga, wakawasha kichomeo, yaani nozeli na bomba lake, nje uani, mbali na boila. Moto wa njano. Kwa hiyo gesi haikuwa na kosa. Pili hewa: Maftaha alisema nyigu hupenda kujenga udongo ndani ya mabomba yaliyoachwa wazi, na mwaka jana walimkuta mmoja keshafanya makazi. Dativa alimulika kila tundu kwa mwanga wa simu. Safi. Walisogeza pete mpaka mwisho na moto ukabaki njano, ukikoroma.

Hapo ndipo Bi Kazija alipoingia na chai. Alikuwa dada yake Maftaha, mwanamke wa miaka sabini na mbili, mwembamba, khanga mbili na miwani iliyofungwa uzi. Dativa akamwamkia, naye akaitikia marahaba, akaomba radhi kwa chai kuchelewa. Jiko lake la pampu, la mafuta ya taa, lilikuwa linamtesa tangu Ijumaa. Pini yake imepotea, dukani siku hizi wanamcheka akiulizia, na amejaribu kulichokoa kwa chelewa ya ufagio lakini halisikii. Dativa aliuliza kwa upole mbona kuna jiko la gesi pale kwenye kona ya ukumbi, limefunikwa kitambaa cha kudarizi. Bi Kazija akasema lile ni la kutazama, alinunuliwa na mdogo wake, na hakutaka kumvunja moyo. Kisha akamtazama Maftaha mkono, akautazama tena, akaondoka.

Dativa alirudi kwenye maelezo ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyaandika usiku uliopita. Alhamisi asubuhi garimoshi lilijaribiwa, likapiga mluzi wake, Mikaeli akalirekodi kwenye simu. Alhamisi jioni Mikaeli alirudi peke yake kupaka grisi. Ijumaa alikuwa kwao Miteja. Swali: Kuna mgeni aliyeingia karakana kati ya Alhamisi na Jumamosi? Jibu: Hakuna mtu. Funguo ni mbili, moja kwa Mikaeli, ya pili kwenye msumari nyumbani kwa Maftaha.

Akaomba nozeli ifunguliwe. Maftaha aliifungua kwa mkono wa kushoto, polepole, na Dativa akaiweka chini ya kioo cha kukuzia cha fundi saa.

"Yasini, njoo utazame."

Yasini alitazama akasema anaona tundu.

"La namna gani?"

"La mviringo. Hapana. Kama yai."

Lilikuwa kama yai, na midomo yake imesukumwa kwenda ndani. Maftaha akatazama naye, akakaa tena kwenye stuli. Alieleza kwamba tundu la robo milimita likiongezeka sehemu moja ya kumi tu ya milimita, gesi inayopita inakaribia mara mbili, na hakuna pete duniani itakayoipa hewa ya kutosha. Yasini hapo akachangamka. Kwenye mfuko wa Mikaeli walikuta pakiti ya biti nyembamba za kutobolea chuma, zilizotoka Dar kwa basi wiki iliyopita, na mojawapo ilikuwa kubwa kuliko robo milimita. Kidhibiti hicho.

"Biti inazunguka," Dativa alisema. "Tundu la biti ni la mviringo. Hili halikutobolewa. Limechokolewa."

Na sababu? Yasini alikuwa nayo tayari: wivu. Pale shuleni kulikuwa na bango kubwa, GARIMOSHI LA FUNDI MAFTAHA, jina la Mikaeli halimo hata pembeni. Dativa akauliza bango liliandikwa na nani. Maftaha alijibu akiwa ameinamisha kichwa kwamba liliandikwa na Mikaeli mwenyewe, kwa mkono wake, na yeye alipomwambia aongeze jina lake, Mikaeli alisema rangi imekwisha.

*

Mikaeli alitolewa mahabusu akiwa amenawa uso na kuchomekea shati, kama mtu aliyekusudia kwenda misa. Alikuwa mrefu, mikono mipana isiyofanana na kazi ndogo aliyoifanya. Alijibu kila swali la ufundi bila kusita. Biti zilikuwa za kutengeneza nozeli ya akiba, amwekee Maftaha kwenye kisanduku bila kumwambia. Alhamisi jioni alipaka grisi magurudumu, hakugusa kichomeo.

Ila swali moja hakulijibu. Jumamosi, garimoshi liliporudishwa karakana, Yasini alimwona akiokota kitu mezani, pembeni ya jiliwa la kubania vyuma, akakitia mfukoni.

"Nilichukua changu," alisema.

"Kitu gani?"

"Niandikie hivyo hivyo, Inspekta. Sina neno."

Dativa alimwambia wazi kwamba kesho saa tatu jalada linaondoka, na kwamba kunyamaza kwake kutasomwa kama kukiri. Mikaeli aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, kwa mara ya kwanza, swali lake mwenyewe.

"Dada Kazija yukoje?"

"Yuko salama. Mkono ni wa Maftaha, si wake."

"Anajua?"

"Anajua nini?"

Mikaeli akatazama dirisha. Baada ya hapo neno halikumtoka hata kwa koleo.

Dativa alimrudisha, akaomba daftari la mali za mahabusu. Liliandikwa na Yasini kwa mwandiko mzuri: rozari moja, simu moja, miwani moja, pakiti ya biti, mkanda, kamba za viatu, kijiti cha meno cha chuma kimoja. Alisoma mstari wa mwisho mara mbili.

"Hiki kijiti kiko wapi?"

Yasini alikitoa kwenye bahasha. Kilikuwa kipande cha bati jembamba lililokunjwa, urefu wa kidole, na kwenye ncha yake kumesimama kiwaya kifupi, chembamba kuliko unywele wa mkia wa ng'ombe.

"Umezaliwa mwaka gani, Koplo?"

"Tisini na tisa, afande."

"Basi una udhuru. Ungejichokoa meno kwa hiki ungebaki na fizi. Hii ni pini ya jiko la pampu. Mimi kwa shangazi yangu nilichapwa kwa kupoteza moja."

Aliitoa nozeli aliyokuja nayo kutoka karakana, akaiweka chini ya kioo, akaikaribisha ncha ya pini kwenye tundu. Iliingia na kukaa, upande kwa upande, kama mguu kwenye kiatu chake. Yasini alichungulia. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama yule bibi atakamatwa. Dativa alimwambia afunge bahasha na awashe gari.

*

Walimchukua Mikaeli pamoja nao, saa tisa alasiri. Njiani Dativa alimwonyesha pini bila kusema kitu, na Mikaeli, ambaye hakulala, akaona hakuna tena cha kuficha kwake. Alimwomba. Alisema Maftaha alifiwa na mama akiwa bado ananyonya, na Kazija, mwenyewe bado msichana, ndiye aliyembeba mgongoni, akamlea, akamwozesha. Kumwambia leo kwamba ni yeye aliyemuunguza mkono ni kumuua akiwa anatembea. Afadhali aandikwe yeye, Mikaeli. Atasema hakuikaza nozeli vizuri.

"Hicho ni kiapo cha uongo, mzee wangu."

"Kitakuwa changu. Nitakiungama."

Dativa hakukasirika. Alisema hawezi kuandika uongo, hata uongo mzuri, lakini hatamwambia Bi Kazija neno. Atamuuliza Maftaha swali moja tu, kwa sababu jana aliliuliza vibaya.

Mafundi wawili walipoonana mlangoni mwa karakana hakuna aliyejua pa kuyaweka macho. Mikaeli alitazama bandeji. Maftaha akatazama viatu vya Mikaeli, ambavyo havikuwa na kamba, kwa kuwa polisi walikuwa wamezitoa.

"Fundi," Dativa alisema, "jana nilikuuliza kuhusu mgeni. Leo nauliza tena, na sitaji mgeni. Alhamisi mpaka Jumamosi, nani aliingia humu?"

"Nimekwambia, Inspekta. Hakuna mtu. Ni dada tu, anapokuja kufa..."

Neno kufagia halikumalizika. Alilisikia mwenyewe likimtoka. Dada hakuwa mgeni, na kwa hiyo katika hesabu ya nyumba ile hakuwa mtu aliyeingia. Angeingiaje mahali ambapo ni pake? Maftaha akaushika ukingo wa meza. Dativa aliiona pini ikitokeza kwenye bahasha mkononi mwa Yasini, akataka kuifunika, akachelewa.

"Alaa, pini yangu," Bi Kazija alisema kutoka nyuma yao. Alikuwa na sinia la vikombe. "Mmeiokota wapi? Nimepekua mpaka kwenye unga."

Bi Kazija aliwatazama mmoja mmoja, akaitazama nozeli ambayo Dativa alikuwa ameirudisha juu ya kitambaa cheupe, kisha akatafuta pa kuliweka sinia. Yasini akalipokea.

Alisema yote bila kuulizwa. Alhamisi alisikia lile treni linapiga mluzi. Jiko linalopiga mluzi limeziba, kila mwanamke anajua. Hawa wawili walikuwa wamechoka, wamefurahi, hawakusikia. Akaona aibu itakayompata mdogo wake mbele ya watu. Basi Ijumaa, mdogo wake alipokwenda msikitini, alichukua ufunguo, akafagia, akatazama mahali moto unapotokea. Aliwaona wakilifungua na kulifunga mara elfu. Akalifungua, akasema bismillahi, akalizibua vizuri, akalifunga. Alifurahi, kwa sababu pini ilikuwa imekataa kuingia mwanzoni na yeye akaona kumbe uchafu ni mwingi.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Nimemuunguza mwanangu."

Hakumwita mdogo wangu. Alikaa chini kwenye sakafu ya karakana, yeye asiyekaa hata kwenye mkeka usiofagiwa, na akalia.

Maftaha alishuka kutoka kwenye stuli akakaa naye hapo chini, akamshika kwa mkono mzima. Alimwambia kwamba kuungua kutapona. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya umati akamtaja Mikaeli kwa mdomo wake, na hilo halina dawa ya kupaka. Kisha akainua uso kwa rafiki yake. Alitaka kusema kitu kirefu, ikaonekana kabisa kwamba alikuwa amekipanga, lakini kilichotoka kilikuwa kifupi.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Yamekwisha," Mikaeli alisema.

Bi Kazija alikuwa ameacha kulia. Alimtazama Mikaeli kwa ukali, kama mtu anayehesabu sahani akakuta moja imepungua.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua, dada. Niliiona mezani."

"Ukaenda kulala jela, ukanyamaza. Kwa ajili ya pini?"

Mikaeli alipiga goti ili asiongee naye kutoka juu. "Nilipokuja kutoka Miteja nilikuwa na miaka kumi na tisa, sijui mtu," alisema. "Mwezi wa Ramadhani, wewe umefunga, ulinipikia mchana, kila mwaka. Ukaniwekea jikoni, ukanifunikia sahani kwa kawa ya ukindu, ili wapita njia wasione nikaona haya. Mimi nilitaka kukufunikia mara moja."

Inspekta Dativa alitoka nje kwenda kuangalia gari, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Aliporudi, Mikaeli alikuwa keshavaa miwani, amefunga kipande kipya cha shaba, na biti ile nyembamba kabisa ilikuwa inazama polepole. Kazi ilichukua saa nzima. Kwenye tundu la robo milimita hata kukohoa ni kosa. Kisha akaikaza nozeli, akawasha, akashika pete ya hewa. Maftaha alifumba macho, akainamisha kichwa. Kidogo. Kidogo tena. Rudi. Hapo.

Moto ukawa wa buluu mpaka chini, na mluzi mwembamba ukajaa karakana.

Bi Kazija alishtuka, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye khanga mahali pini ilipozoea kuwa. Aliuzuia. Akasikiliza, na baada ya muda akasema kwamba, sasa akiusikia vizuri, ni ule ule wa treni ya baba. Alipokuwa mtoto alisimama kituoni akiusikia kabla hajamwona baba. Katika nyumba ile hakuna mwingine aliyewahi kuusikia, na Maftaha, aliyezaliwa reli ikiwa imekwisha kung'olewa, alifumbua macho akamtazama.

Dativa alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akaandika: tukio la bahati mbaya, hakuna nia ovu, mlalamikaji ameondoa madai, mtuhumiwa ameachiwa. Yasini alifungua daftari la mali, akafuta kijiti cha meno, akaandika pini ya jiko, kisha akauliza kwenye safu ya aliyerudishiwa aandike nani.

"Andika Mikaeli," Bi Kazija alisema. "Yeye ndiye akae nayo. Nami jiko langu likikoroma nitamwita."

"Sasa hivi linakoroma?" Mikaeli aliuliza.

"Tangu Ijumaa."

Mikaeli alitia sahihi, akachukua pini, akaelekea jikoni na viatu vyake visivyo na kamba. Walimsikia akipiga pampu, mara tatu, mara nne, kisha jiko likanyamaza kukoroma. Bi Kazija akasimama, akatoa sahani mbili kabatini, akafikiri, akaongeza mbili za polisi. Kawa aliiacha imetundikwa ukutani.